Alivua saa kwanza ndio akavunja chupa, leo ndugu zake wanasema "pombe ilimtuma". Niifute kesi?

Mzee wa Grosari

Wakuu habari za usiku. Uzi mrefu kidogo mnivumilie, naandika kwa simu na kichwa hakijatulia.

Nina grosari huku Mbagala mwaka wa tisa sasa. Sio baa, ni meza saba nje, kaunta ya nondo, friji mbili na jamaa wa chipsi pembeni. Kaunta anakaa shemeji yangu, mdogo wake wife, binti mpole tu ila kwenye hesabu hana mchezo na ndio maana nilimuweka pale.

Jumamosi iliyopita, mwisho wa mwezi, kaja mteja wangu wa miaka minne, fundi mageti. Kaingia saa kumi na moja jioni kashapokea hela ya kazi, anatoa ofa meza nzima, anacheka na kila mtu. Bia saba. Kwenye saa tatu akahamia kwenye kali. Saa tano tunafunga, bili 34,000, katoa 20,000, shemeji akamfuata akamwambia kaka bado 14. Jamaa akaona kadhalilishwa mbele ya wale aliowanywesha.

Sasa hapa ndipo panaponinyima usingizi. Nilikuwa kwa jamaa wa chipsi, hatua kama sita, naona kila kitu. Jamaa akavua saa ya mkononi. Taratibu kabisa. Akaitia mfuko wa shati, akafunga na kifungo cha mfuko. NDIO akashika chupa kwa shingo akaipiga kwenye nondo, akapitisha mkono dirishani. Shemeji alijikinga kwa kiganja, kashonwa nyuzi saba. Huku jamaa anasema nitakumaliza, najua unapolala, hicho kibanda nitakiwasha moto na wewe ndani.

Af anatoka, kwenye meza ya mwisho kakaa mwenye nyumba wake, mzee wa watu. Mzee huyo huyo saa moja nyuma alikuwa kamsema kuhusu kodi ya miezi miwili kila mtu anasikia. Jamaa kainama, "shikamoo mzee, samahani kwa kelele", kapita.

Tukachukua RB (namba ya kesi polisi), tukachukua PF3 (fomu ya polisi ya kutibiwa), hospitali, Jumapili kakamatwa, Jumatatu kapewa dhamana. Leo asubuhi wamekuja mama yake, mjomba na mke wake na mtoto mgongoni. Wameleta 150,000 ya matibabu na pole. Mama analia, "mwanangu sio yule, ile ni pombe, akiwa mzima hata kuku hachinji". Na kweli akiwa mzima ni mtu safi, geti la kwangu kalichomelea yeye na chenji akanirudishia.

Niifute kesi au niendelee nayo?

Kitimoto Fresh

Pombe sio chai mkuu 😂😂 af hiyo 14 amelipa?

Balozi Nyumba Kumi

Kijana pole sana, mpe pole na huyo binti. Mimi ni mjumbe mwaka wa kumi na nne huu na kesi za hivi zimepita barazani kwangu nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo. Nakushauri kwa nia njema kabisa, malizaneni. Huyo akifungwa nani atalisha huyo mtoto wa mgongoni? Na akitoka atarudi mtaa huo huo, grosari ni hiyo hiyo, usiku ni ule ule. Aombe radhi mbele ya wazee, alipe matibabu, aandikishiane asinywe kwako tena. Jela haijawahi kumfanya mtu aache pombe, inamuongezea visasi tu.

Pita Njia

Nasoma komenti 🚶

Wakili wa Mtaani

Mzee wa Grosari kwanza nikuweke sawa kidogo. Unauliza "niifute" kana kwamba kesi ni yako. Ikishafunguliwa ni ya Jamhuri, wewe na shemeji ni mashahidi. Ni kweli mahakama inaruhusiwa kuhimiza suluhu kwenye shambulio la kawaida na makosa madogo ya mtu na mtu, ila chupa na nyuzi saba sio kofi. Hapo wanaweza wakaenda na kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, shambulio la kudhuru mwili, hadi miaka mitano. Na yale maneno ya kummaliza na kukichoma kibanda ni kosa jingine peke yake, kutishia iko kifungu cha 89. Watu wanadhani tishio ni maneno tu mpaka litimizwe. Hapana.

Sasa hii ya "ilikuwa pombe". Fungueni hiyo hiyo Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 14. Kulewa SIO utetezi, na kulewa kwenye kile kifungu ni pamoja na dawa za kulevya. Milango iliyoachwa ni miwili, na yote inataka kwanza uwe hukujua unachofanya au hukujua kwamba ni kosa. Wa kwanza, ulileweshwa bila ridhaa yako, mfano mtu katia kitu kwenye soda yako kwa ubaya au kwa uzembe. Wa pili, ulevi ulikufikisha kwenye uwendawazimu kabisa wakati ule. Zaidi ya hapo, mahakama inaangalia ulevi pale ambapo kosa linahitaji nia, iwe maalum au ya kawaida. Ndio maana ugomvi wa kilabuni mtu akafa unakuta mara nyingi inashushwa kutoka kuua kwa kukusudia kwenda kuua bila kukusudia, kwa sababu swali linakuwa je, kichwa kile kiliweza kupanga?

Sasa mtu aliyevua saa na kufunga kifungo cha mfuko, hakimu atamuuliza swali lile lile unalojiuliza wewe. Hilo la saa uliliandika kwenye maelezo yako polisi? Kama hukuliandika rudi ukaongeze.

Mzee wa Grosari

Wakili asante, sikuliandika, niliona kama kitu kidogo. Kesho naenda.

Mbaya wa Kisauni

Poleni majirani. Hapa Kenya ni kifungu cha 13 ila maneno ni yale yale, sheria zetu ni mapacha, zote Mwingereza alizileta 1930. Sisi tulijaribu kuikaba pombe yenyewe, 2010 ikaja ile sheria watu waliita ya Mututho, mbunge aliyeipeleka, baa siku za kazi zikawa saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku, wikendi kuanzia saa nane mchana. Nilikuwa nafanya kazi baa moja hapa Mombasa wakati huo. Ikifika saa nne na nusu mtu anaitisha tano kwa mpigo, anazimeza kama dawa, saa tano na robo wote wako nje barabarani vichwa moto na gari hamna. Ngumi zilihama kutoka ndani zikaenda stejini, kwenye kituo cha magari. Sisemi sheria mbaya, asubuhi mtaa ulitulia kweli, watu hawakuanza tena kulewa saa mbili asubuhi. Ila mwizi wa amani hakuwa saa ya ukutani.

Nesi wa Zamu

Niko chumba cha dharura na zamu za Jumamosi nazijua vizuri, za mwisho wa mwezi ndio usiseme. Naomba niongee kidogo kuhusu hiyo saa maana naona mnaiona kama maajabu.

Mlevi hazimi kichwa chote kama taa. Pombe inaanza na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayokwambia "subiri, kesho itakuwaje". Mikono inafanya kazi, mazoea yanafanya kazi, kuvua saa ni mazoea, fundi anavua saa kila siku kabla ya kuwasha mashine. Kinachokufa ni upana. Mtu anabaki anaona kitu kimoja tu kilicho mbele yake kwa wakati ule, aibu ya 14,000, na vyote vinavyomzuia siku zote (mke, mtoto, polisi, kesho) vinakuwa kama haviko mezani. Kwa hiyo anaweza kupanga kitu kidogo cha sekunde kumi na akashindwa kabisa kuwaza cha siku kumi. Wakili samahani naharibu kesi yako 😅

Halafu hesabu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za alkoholi. Ini la mtu wa kawaida linatoa gramu 7 mpaka 10 kwa saa. Maana yake bia MOJA ni saa mbili na zaidi. Huyo kapiga saba ndani ya saa nne halafu kali juu yake. Kahawa haisaidii, maji ya baridi kichwani hayasaidii, kutapika saa tano usiku hakusaidii kwa kilichokwishaingia kwenye damu. Kama alikamatwa Jumapili asubuhi bado ilikuwemo. Ndio maana nawaambia watu ugomvi wa usiku usiende kuusuluhisha saa moja asubuhi, unaongea na pombe bado.

Na kitu kimoja kwa wote, naomba mkishike. Aliyepigwa chupa au rungu la kichwa na ananuka pombe, MSISEME "mwacheni alale zitaisha". Damu ikivujia ndani ya fuvu mtu anaongea ovyo, anapepesuka, anasinzia, anafanana kabisa na mlevi. Wamelala hivyo hivyo wengine hawakuamka. Mleteni.

Mangi wa Kibosho

Nesi umeongea vizuri ila mimi naona kuna kitu kimekosekana. Sisi nyumbani tumekulia kwenye mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kata inazunguka toka kwa mzee mpaka kijana, ukiona mtu kaanza kupandisha sauti mzee anasema huyu kata impite, inampita, basi. Sijasema hakuna ugomvi, upo, hasa siku hizi mtu anapitia kwanza kwenye gongo ndio anakuja kwenye mbege. Ila mtu yule yule nikimkuta Dar kwenye baa ya muziki anapiga watu viti. Ini ni lile lile na ubongo ni ule ule. Kwahyo sio pombe tu, ni wapi unanywa, na nani, na unajua nini kitakupata ukizingua.

Nesi wa Zamu

Mangi uko sahihi kabisa wala hatupingani. Kuna jaribio lilifanyika Marekani 1975, wanaume wakapewa vinywaji, wengine wakaambiwa ni vodka kumbe toniki tupu, wengine wakaambiwa toniki kumbe vodka imo. Waliokuwa wakali zaidi ni wale WALIOAMINI wamekunywa, iwe imo au haimo. Yaani mtu akishajua kanywa anajipa ruhusa. Haimaanishi pombe haina kosa, majaribio mengine yameonyesha dozi yenyewe inaongeza ukali, na kadiri inavyozidi ndio mbaya zaidi. Ila ile ruhusa ipo. Na ruhusa hiyo nani anaitoa? Ni sisi tunaokuja kesho yake na 150,000 na "ile ni pombe".

mama Twins

Nimesoma toka juu. Nesi hapo kwenye ruhusa umenitoa machozi.

Niliishi na mlevi miaka sita. Kwetu boda inasimama kwenye kona kama mita hamsini toka getini. Akishuka anaimba, usiku wa amani, atakula atalala. Akishuka kimya, nilikuwa nachukua watoto nawapeleka chumba cha nyuma, nawawekea redio kwa sauti. Yaani nilijifunza kusikiliza injini ya pikipiki kama fundi. Vitisho ndio vilikuwa vibaya kuliko kipigo, kipigo kinaisha, lakini mtu akikwambia "siku moja utaamka hujui upo wapi" unakwenda nayo sokoni, unakwenda nayo kanisani, unalala nayo.

Asubuhi ananiuliza, mama jana nilifanya nini? Sikumbuki. Mimi naamini kuna siku hakukumbuka kweli. Lakini miaka sita hajawahi kumpiga bosi wake, na bosi alikuwa anamtukana mpaka Krismasi. Hajawahi kumpiga konda, hajawahi kumpiga polisi wa barabarani, mlevi vile vile. Na mimi alinipiga sehemu ambazo nguo inafunika. Pombe gani hiyo inajua mikono ya gauni inaishia wapi?

Ule utafiti wa afya wa serikali wa 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa tangu wafike miaka 15, na wenye waume walevi wa mara kwa mara wako pabaya kuliko wenzao. Sasa wanaume wanaichukua hiyo wanasema ona, pombe. Mbona kuna wanaokunywa kila siku hawagusi mtu, na kuna wasioonja kabisa wanaua? Mimi mwenyewe kipigo kilichonifanya niondoke alikuwa hajanywa hata tone. Mwezi mzima alikuwa kaacha pombe. Nilifurahi ule mwezi, nikasema sasa. Kumbe.

Nilikwenda Dawati la Jinsia pale polisi, nashukuru yule afande mama alinisikiliza. Ila nauliza Mzee wa Grosari, post yako yote na majibu yote haya, Balozi, Wakili, nani, mnasema niifute, tumalizane, alipe. Huyo dada aliyeshonwa anasemaje?

Kitimoto Fresh

Daah. Mama Twins pole sana dada. Uzi umekuwa mzito.

Dozi ya Asubuhi

Niongee na mimi, upande wa pili. Nilikuwa teja miaka kumi na moja. Niko metadoni, dawa ya kuachia unga, kila asubuhi naenda nakunywa mbele ya nesi narudi kibaruani. Pale Muhimbili walianza 2011, mimi nilikuja kuingia baadae.

Watu wanachanganya dawa zote kapu moja. Unga (heroini) haukupi hasira. Ukishavuta au kujidunga unakuwa mpole kuliko mtoto, unasinzia umesimama, mtu akikupiga kofi unasema asante. Shida ni ARUSTO, ile inakuja kama masaa nane, kumi baada ya kete ya mwisho. Unaanza kupiga miayo, kamasi, machozi, tumbo linakatika, mifupa kama inachomwa misumari. Pale ndio mtu hatari. Mimi nilimshikia mama yangu mzazi kisu kwa sababu ya redio. Redio ya mbao ya marehemu baba. Sikumpiga, nilimtishia tu, na "tu" hiyo mpaka leo nikifika nyumbani anaficha visu na mimi naona anavyoficha na nanyamaza.

Bangi wengi wanacheka na kula, ila wengine inawapa wenge, anaona kila mtu anamsema, na akichanganya na pombe huyo muogope. Mirungi siku ya pili bila kulala mtu anakuwa kama waya wa umeme. Ila mix mbaya niliyoiona kijiweni ni pombe na vidonge vya usingizi, mtu anafanya mambo kesho yake anashangaa kweli kweli damu imetoka wapi kwenye shati.

Sasa nisemacho. Mimi yale niliyofanya niliyafanya MIMI. Kwenye kundi tunaambiwa ukisema ilikuwa dawa hujaanza kupona. Lakini pia nisingeyafanya bila ile arusto, na jela niliingia mara mbili nikatoka nikaenda moja kwa moja kijiweni. Kilichonishika ni dozi ya asubuhi. Kwahyo mimi sijui niko upande wa Balozi au wa Wakili.

Na swali kwa mtoa mada, usinichukie. Bia ya saba nani alimfungulia?

Balozi Nyumba Kumi

Hapo ndipo na mimi nilitaka kufika ila niliogopa kumuumiza mwenye shida.

Mzee wa Grosari

Dozi sijakuchukia. Nimekaa na hili swali toka jana.

Ya saba nilimfungulia mimi mwenyewe. Shemeji aliniangalia, akaniambia shem huyu tayari. Nikamwambia mpe, leo ana hela, ni mwisho wa mwezi. Ile kali pia nilipima mimi. Mteja akitoa ofa meza nzima unauza kreti nzima kwa mtu mmoja, hakuna muuza grosari anayeikata hiyo, nisiwadanganye. Enzi za viroba kabla hawajavipiga marufuku Machi 2017 nilikuwa namuuzia hadi konda wa saa kumi na mbili asubuhi, kinaingia mfuko wa shati, nani ataona. Vilipokatazwa nikahamia kwenye vichupa. Nasema ukweli tu.

Yaani aliyesema "huyu tayari" ndiye aliyepigwa chupa, na aliyesema "mpe" ndiye anaulizwa na wazee kama kesi iishe.

Wakili wa Mtaani

Mkuu hiyo ni roho ya kiungwana lakini usiichanganye na kesi. Kumuuzia hakumpi yeye leseni ya kuvunja chupa. Na ushauri wa jirani tu, ile 150,000 msiipokee huku mkiwekewa karatasi ya kusaini mbele. Fidia mahakama inaweza kuiamuru yenyewe akitiwa hatiani. Kama kuna meseji au voisi za vitisho zitunzeni zilivyo, msifute, ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani.

Mbaya wa Kisauni

Huyu jamaa wa grosari nampa heko, kwetu kwenye mangwe (vilabu) ya mnazi mgema hawezi kukubali hata ukimshika koo.

mama Twins

Swali langu bado halijajibiwa.

Mzee wa Grosari

Mama Twins nimemuuliza jana usiku. Nimeona aibu kwamba ilikuwa mara ya kwanza.

Alikuwa anafua kwa mkono mmoja, ule mwingine kauvalisha mfuko wa nailoni bandeji isilowe. Akasema shem mimi hela sitaki. Nikamwambia sasa unataka nini. Akasema pale nje walikuwa watu kama ishirini, wote walimsikia anasema atanichoma moto, na hakuna aliyesimama, na kesho yake wote wamekuja kununua bia wananiambia pole ile ni pombe. Nataka aseme mahakamani kwamba aliyasema yeye. Akifungwa akiachiwa hilo ni la hakimu.

Af akaniambia kitu kingine sikukijua. Wiki mbili kabla, siku ya Jumanne mchana, fundi alipita pale kaunta akiwa mzima kabisa na begi la kazi, akamwambia wewe binti unanidai dai mbele ya watu, iko siku. Aliona ni utani hakuniambia.

Nesi wa Zamu

🙆🏾‍♀️ Jumanne mchana.

Wakili wa Mtaani

Hilo nalo liende kwenye maelezo. LEO.

Balozi Nyumba Kumi

Hapo sina la kusema. Nilikuwa nazungumzia mtu aliyepitiwa. Kama lilianza Jumanne akiwa mzima basi pombe ilikuwa ya kumpa ujasiri tu. Naondoa ushauri wangu, ila la mtoto bado linaniuma.

Dozi ya Asubuhi

Mzee wa Grosari mke wake mwambieni kwenye hospitali nyingine kubwa kuna watu wanasaidia wa pombe pia sio unga tu, aulize kitengo cha afya ya akili. Akitaka mwenyewe lakini. Mimi mama alinipeleka mara tatu nikatoroka mara tatu, ya nne nilikwenda kwa miguu yangu.

Mangi wa Kibosho

Leta mrejesho mkuu usituache.

Mzee wa Grosari

MREJESHO (wiki tatu baadae)

Samahani kwa kimya wakuu. Kesi imetajwa mara mbili, shemeji kaandika maelezo ya nyongeza na mimi la saa nimeliongeza. Ile 150,000 tuliirudisha kwa mjomba mbele ya mjumbe wetu, mama yake hakufurahi, hanisalimii.

Mahakamani jamaa alikuja kashikwa mkono na mke wake, kanyoa, kavaa lile shati lenye mfuko wa kifungo. Hajanywa toka siku ile kwa maelezo ya mke, mikono inatetemeka. Akasomewa, akasema si kweli. Kwenye korido akamwendea shemeji akasema dada nisamehe sikumbuki chochote. Shemeji akamuuliza, na ile Jumanne hukumbuki? Akaangalia chini. Alikuwa kavaa saa, akawa anaizungusha zungusha mkononi.

Grosari sasa hivi shemeji akisema huyu tayari ni tayari, hata awe na laki. Mauzo ya Jumamosi mbili zimeshuka, wengine wamehamia kwa jirani wananiita mchungaji. Yeye kaomba zamu ya mchana, akiona jua linazama anaanza kuangalia barabarani.

Tarehe nyingine ni mwezi ujao, mashahidi ndio tunaanza. Katika wale ishirini wa nje wamekubali kuja wawili, jamaa wa chipsi na yule mzee mwenye nyumba.

Kitimoto Fresh

Mkuu na ile 14?

Mzee wa Grosari

Bado iko kwenye daftari. Shemeji kaichora mstari chini kwa peni nyekundu, kanikataza kuifuta.